Fundi Aliyegeuza Madishi ya Ufipa

Sikumwona hata siku moja akitazama mpira mpaka mwisho. Nikisema hivyo Sumbawanga watu hawaniamini, maana kwa miaka zaidi ya kumi ni mpira gani ulioonekana kwetu, au Laela, au Kasanga, au kule bondeni Mtowisa, ambao haukupita kwanza mikononi mwake? Alipanda ukutani, akageuza dishi, akakaza nati, akashuka. Picha ikitulia na watu wakipiga makofi, yeye alikuwa ameshatoka. Ungemkuta nyuma ya hoteli yangu, amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, kola ya koti ameivutia masikioni kwa sababu ya upepo, anasikiliza kelele za watu kupitia ukuta.

"Fundi, ingia ndani, utaugua," nilimwambia mara nyingi.

"Nimesharidhika, dada. Wakipiga kelele najua picha ipo."

Mji wetu ulikuwa na mafundi wa kila aina, wa baiskeli, wa cherehani, wa kuezeka, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno kila mtu alijua ni nani. Kwao wapi, sikuuliza. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi na mitano, nikimwamkia shikamoo, naye aliitikia marahaba huku macho yake yako mlangoni, anatazama mbingu kama mkulima anayehesabu mawingu. Hakuwa anatafuta mvua. Alikuwa anapima kama kuna mti au ghala jipya lililosimama mbele ya dishi langu.

Nilikuwa na hoteli ndogo karibu na stendi. Chai na chapati, supu asubuhi, wali maharage mchana, na samaki migebuka siku gari la Kasanga linapowahi. Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa, redio za watu binafsi zikaanza kusikika, na televisheni ambazo tulikuwa tukisimuliwa na waliotoka Dar zikaanza kupangwa madukani. Mteja mmoja, dereva wa basi, akaniambia waziwazi, "Mama, hoteli isiyo na mpira watu watakula wakimbie. Yenye mpira watakula, wakae, wale tena." Nikaagiza televisheni na dishi kutoka Tunduma. Lilikuja dishi kubwa la waya, pana kama paa la kihenge, na pamoja nalo nikaelekezwa kwa Fundi.

Wiki ya kwanza tu upepo wa Juni ukalitikisa mpaka nati moja ikakatika. Ilikuwa Jumamosi jioni, katikati ya mchezo, hoteli imejaa mpaka watu wamekaa juu ya magunia yangu ya mkaa. Picha ikaenda, watu wakaguna, picha ikarudi. Haikuondoka tena. Mimi nikaendelea kugawa chai. Mpira ulipokwisha na watu wakatawanyika wakibishana, nikatoka nyuma kumwaga maji, nikamkuta Fundi amelikumbatia lile dishi, uso wake ameubandika kwenye waya, vidole vimekuwa vyeupe. Alikuwa amelishikilia kwa mikono kipindi kizima cha pili.

"Fundi! Mbona hukuita mtu?"

"Nikiita nageuka," alisema. "Nikigeuka picha inaondoka."

Nilimwingiza jikoni nikampa chai, lakini vidole havikukunjika. Nilimshikia kikombe mdomoni kama mtoto. Ndani walikuwa wamebaki vijana wawili, mmoja akamwambia, "Mshikaji wangu Fundi, leo picha ilikuwa poa kweli." Akaitikia kwa kichwa. Hakumwambia kitu, nami akanikataza kwa macho nisiseme.

Ndivyo alivyokuwa. Kazi yake ilileta makelele, na yeye makelele hayapendi. Aliingia nyumba za watu kuliko padri, alijua nani ameweka dishi mbele lionekane barabarani na nani amelificha nyuma ndugu wasijue, lakini mtu hakujua lolote la kwake. Jumapili alikwenda misa ya kwanza, akasimama nyuma karibu na mlango, na matangazo yalipoanza akaondoka. Nilipomuuliza kwa nini hasubiri matangazo alisema, "Tangazo linalonihusu litanifuata nyumbani." Alinawa mikono kabla ya kula kwa muda mrefu hata wateja wengine wakamcheka, kisha akala upesi upesi kama mtu aliyeitwa. Aliongea na madishi kuliko na watu. "Geuka kidogo, bibi. Kidogo tu. Hapo hapo. Usinitie aibu." Na alikuwa na neno lake moja ambalo alilisema bila uchungu, kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Watu wananikumbuka picha ikikatika."

Jambo ambalo hakulifanya kabisa ni kuapa. Ukimuuliza, "Fundi, hii itadumu?" alijibu, "Mimi nafunga nati. Siapi." Wenye haraka walimwona ana kiburi. Mimi nilimwamini kwa sababu hiyo hiyo.

Mara moja tu nilifika kwake. Aliugua malaria aliyotoka nayo bondeni, na siku ya tatu nikampelekea uji wa ulezi. Alipanga chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, unga umetanda mpaka kwenye dirisha. Kitanda kimoja, kiti kimoja, sahani moja, kikombe kimoja. Kwenye kiti alikuwa ameweka nguo. Nikatafuta pa kukaa, nikakalia sanduku lake la spana. Hakukuwa na televisheni. Kulikuwa na redio ndogo, na nilipoiwasha ili imchangamshe haikulia, haikuwa na betri.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nangoja nipate mtu wa kusikiliza naye," alisema, akageukia ukutani. Nilidhani ni homa inasema.

Mtu huyo alikuja akampata, Laela. Alikuwa mnunuzi wa mahindi, mzee mwenye ghala kando ya barabara ya Tunduma, na ubavuni mwa ghala akajenga kibanda umiza cha mabati ili wapakiaji na wasafiri waone mpira. Kibanda kilikuwa chake, lakini mpira wenyewe hakuuona. Macho yalikuwa na mtoto wa jicho. Kwenye skrini aliona majani tu na vitu vinavyotembea. Kwa hiyo siku ya mchezo naye alitoka nje. Wapakiaji wake walisimulia hapa hotelini wakicheka jinsi mwenye kibanda na mwenye dishi wanavyokaa nyuma ya mabati, wamejifunika blanketi moja la magunia, wanakisia kwa kelele tu nani kafunga.

"Hiyo ni ya wekundu," anasema mnunuzi.

"Hapana, ndugu yangu. Wekundu hawapigi kelele hivyo, wao huanza kwa kupiga mabati."

Laela ndiyo nyumba pekee ambamo Fundi alikubali kulala ugenini. Simu za mkononi zilipofika, yule mnunuzi alinunua ya kwake ya kuongelea, lakini kuandika na kusoma hakuweza kwa macho yale. Ujumbe wake wote uliandikwa na dereva wa lori lake, kwa simu ya dereva. "Ndugu yangu, Jumamosi kuna mpira mkubwa, njoo tusikilize." Fundi alinionyesha ujumbe kama huo mara kadhaa, simu ameishika kwa mikono miwili. Namba ile ya dereva aliihifadhi kwa jina la mnunuzi.

Sasa nieleze habari ya picha kuuzwa, maana hapo ndipo mambo yalipogeuka.

Miaka yote hiyo ligi ya Uingereza ilikuja kwetu kupitia kampuni moja. Ulikuwa na king'amuzi chao, unalipia mwezi, unaona. Hatukujua kwamba mpira una mwenyewe. Tulidhani uko angani kama mvua, ukiwa na chombo unakinga. Basi ikafika Jumamosi ya kwanza ya msimu mpya. Nilikuwa nimechinja kuku wanane. Watu wamejaa tangu mchana, wameleta na viti vya kwao. Saa ilipofika nikafungua chaneli ya mpira, na badala ya mpira tukaona wazungu wawili wanacheza tenisi.

"Fundi! Aitwe Fundi!"

Akaja mbio na sanduku lake. Akatazama skrini, akatazama king'amuzi, akatoka nje, akarudi. Hakupanda hata ngazi.

"Picha haijapotea," alisema. "Picha imeuzwa."

"Imeuzwa na nani?" mtu akafoka.

"Na wenye ligi, huko huko Ulaya. Kila baada ya miaka kadhaa wanaitisha mnada, makampuni ya televisheni yanashindana bei. Mliyoizoea safari hii imeshindwa. Kuna kampuni mpya imechukua. Mkiutaka mpira, king'amuzi kingine, na dishi litazame kwingine."

Kulikuwa na mfugaji mmoja mzee, Msukuma wa Mtowisa, amepanda juu kuuza ng'ombe, na alikuwa ameacha safari yake ili aone mchezo. Akasema taratibu, "Kwa hiyo sisi ndio ng'ombe au ndio wanunuzi?" Watu wakacheka kwa hasira. Kuku wangu wakabaki. Fundi akasimama katikati ya watu wanaomtukana kama vile yeye ndiye aliyeuza, na mimi nikaona aibu yake, nikamwita jikoni.

Wiki tatu baadaye kampuni mpya ikafika yenyewe. Vijana wanne kutoka Dar, gari jeupe, spika juu ya paa, fulana za rangi ya kijani kibichi. Walimtafuta Fundi kwa jina la kazi yake, na hata mimi niliona ajabu jinsi walivyomshika mkono wakamwita "wakala wetu wa Rukwa". Wakampa fulana mbili na kofia. Wakabandika tangazo ukutani mwa stendi, na chini yake likaandikwa jina lake kamili na namba yake ya simu. Siku hiyo ndipo mji mzima ulipojifunza jina lake. Alikwenda kulisoma tangazo asubuhi, akaenda kulisoma tena mchana. Nilimwona kwa dirisha la hoteli.

Alibadilika. Ile fulana aliipiga pasi mpaka mikono ikasimama. Aliingia hotelini akakaa mezani, katikati ya watu, akaagiza chai akiwa ametulia. Alikuwa anaanza maneno kwa kusema "sisi": sisi tumepanga, sisi tutaleta mechi zote. Na siku nilipokuwa nasitasita kuacha kampuni ya zamani, kwa kuwa vyombo vyao nilivinunua kwa taabu, nikamuuliza kama nilivyozoea, "Fundi, hii itadumu?"

Akaweka kikombe chini. "Hii naapa, dada. Hii ni yetu."

Nikahama siku ile ile. Wengi tulihama kwa neno hilo moja, kwa sababu lilikuwa halijawahi kutoka. Akageuza dishi langu, akageuza la Laela, akashuka Kasanga akageuza ya wavuvi wanaoangalia mpira wakisubiri boti za Zambia na Kongo, akateremka bondeni kwa lori la mchele akamfungia yule mzee mfugaji dishi uwanjani kwake, karibu na zizi. Msimu mmoja ulipita na sehemu ya wa pili. Sikumbuki kumwona mwenye furaha kama kipindi kile. Lakini hata hivyo, mpira ukianza, alitoka nje.

Kampuni ile ilikufa asubuhi moja bila kuugua. Tulifungua televisheni tukakuta maandishi tu, kwamba huduma zimesitishwa. Mahali pa mpira, mahali pa taarifa ya habari, kila mahali maandishi yale yale. Fundi akanipigia simu mapema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekimbia.

"Dada, nimepiga Dar tangu alfajiri. Simu inaita, haipokelewi. Nawapigia wote mmoja mmoja. Nataka mjue kwangu kabla..."

"Tujue nini?" nilimkatiza. "Wewe uliapa!"

"Niliapa, dada. Ni kweli."

Nikaanza kumwambia niliyonayo, na salio lake au mtandao, sijui, ukakatika. Simu yangu haikuwa na salio kabisa. Nilikuwa nimejaa hasira, nikikumbuka vyombo vya zamani nilivyowauzia watu kwa bei ya kutupa, nikikumbuka ukumbi nilioupanua. Mezani alikuwepo dereva wa lori kutoka Laela anakunywa supu. Nikamwomba simu yake. Nikaandika: "Usikanyage tena kwangu. Mtu asiye na kwao hana cha kupoteza, kazi yake ni kuwapotezea wenzake." Sikuandika mimi ni nani. Kwangu mimi yalikuwa mazungumzo yale yale yanaendelea, atajua tu. Nikatuma. Halafu nikayasoma maneno yangu, nikaona haya, nikayafuta ili dereva asiyaone, nikamrudishia simu yake na kumwongezea nyama.

Mawakala wa mikoa mingine, tulivyosikia, walizima simu wakahama. Fundi wetu hakuzima. Alivaa ile fulana ya kijani, sijui kwa nini aliivaa, nadhani aliona ni uoga kuivua, akaanza kwenda kwa kila mtu aliyemfungia, kuwaambia kwa mdomo wake uso kwa uso. Kasanga walimmwagia maji ya samaki. Alirudi nayo yamekaukia kifuani. Siku ya tatu akafika kwangu.

Nilishtuka kumwona amekanyaga. Nilisema moyoni, ameupata ujumbe na bado amekuja. Alisimama mlangoni.

"Nimekuja mwenyewe, dada. Kampuni imekufa. Nilikuapia kitu ambacho sikukijua."

Hasira yangu ikayeyuka yote. Nikamwambia akae, nikampa chai, naye akanywa. Hakutaja ujumbe. Nikajiambia kwamba amenyamaza ili asinitahayarishe, na mimi nikanyamaza ili nisijitahayarishe. Nikaona yamekwisha.

"Sasa unaelekea wapi?" nilimuuliza.

"Kesho bondeni. Kisha vijiji vya huku milimani Mbizi. Kote nitafika." Akafuta midomo. "Laela tu ndiko siendi."

"Laela? Kwa rafiki yako?"

"Laela siendi," alirudia, akaomba maji ya kunawa.

Sikuuliza zaidi. Nilikuwa na raha ya mtu aliyesamehewa, na raha hiyo humfanya mtu asitazame wengine.

Haikuchukua muda, kampuni ya zamani ikarudishiwa mpira, madishi yakageuzwa tena. Lakini safari hii aliyeyageuza ni fundi kijana aliyetoka Mbeya na kifaa kidogo kinacholia kikipata mawimbi. Fundi wetu hakuitwa. Tangazo lenye jina lake lilibaki ukutani mwa stendi mpaka mvua ikalichana. Yule mzee mfugaji wa Mtowisa, ambaye siku Fundi alipokwenda kumwambia habari mbaya alimkamulia maziwa na kumwambia hata ng'ombe hufa zizini mwa mtu mwaminifu, akampa kiwanja karibu na mji wake. Fundi akashuka bondeni na sanduku lake la spana, bila kuaga.

Mnunuzi wa Laela alipita hotelini kwangu mara tatu au nne miaka iliyofuata, akienda hospitali ya mkoa kwa macho. Anashikwa mkono na dereva wake. Kila mara aliniuliza.

"Mama, Fundi nimemkosea nini? Nikimpigia hapokei. Nimemtumia ujumbe, hajibu. Lori langu limepakia mchele Mtowisa, amemwona dereva akavuka ng'ambo ya barabara."

"Labda anaona aibu ya ile kampuni," nilimjibu.

"Aibu kwangu mimi? Mimi kile king'amuzi hata sikukiona kilivyo!" Akacheka, halafu akageuza uso kuelekea ukuta ambako wateja walikuwa wanashangilia. "Siku hizi nakaa nje peke yangu. Sina wa kubishana naye kelele ni za nani."

Nilimhurumia. Nikamwekea chai. Wallahi halikunijia lolote.

Mwaka jana, mavuno ya mpunga, niliteremka Mtowisa mwenyewe kutafuta mchele. Miaka mingi nilikuwa naagiza tu. Lori lilishuka ule ukuta wa milima kona kwa kona mpaka joto likatupiga usoni, na sweta niliyopanda nayo nikaivua. Nikauliza kwa Fundi. Walinielekeza bila kusita, kwa kuwa sasa anatengeneza pampu za maji na mashine za kukoboa.

Nilimkuta kivulini mwa nyumba yake ya matofali, mchana, amefungua mota amezipanga skrubu juu ya gunia. Amekonda, nywele zote nyeupe. Barabarani vijana walikuwa wamekaa chini ya banda la nyasi, kila mmoja anatazama mpira kwenye simu yake, hakuna anayeshangilia.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba." Akanitazama, akasimama. "Dada! Dada wa hoteli!" Akaingia ndani akatoka na kiti, akarudi akatoka na kiti kingine. Viti viwili. Nilifurahi kuona.

Tuliongea habari za mjini, nani yupo, nani hayupo. Alicheka. Na kwa sababu alicheka, na kwa sababu mimi nami nimekuwa mtu mzima, nikaona niseme lile jambo likae mahali pake.

"Fundi, sikuwahi kukuomba radhi. Ule ujumbe wangu, siku kampuni ilipokufa. Ulinyamaza, nami nikanyamaza. Lakini yalikuwa maneno mabaya."

"Ujumbe gani, dada?"

"Ule niliokutumia. Kwamba usikanyage kwangu."

"Wewe hujanitumia ujumbe."

"Simu yangu haikuwa na salio. Nilitumia simu ya dereva, yule wa lori la Laela, alikuwa anakunywa supu pale."

Alikuwa ameshika skrubu kati ya vidole. Akaiweka chini ya gunia, si juu yake, kama hakuona anapoiweka.

"Yasome," aliniambia.

"Fundi..."

"Yaseme ulivyoyaandika."

Nikayasema. Yote. Mtu asiye na kwao hana cha kupoteza. Ni vigumu kueleza yalivyosikika mchana ule, nikiyatamka kwa mdomo mbele ya viti viwili. Alisikiliza mpaka mwisho, macho yametazama barabarani kwa wale vijana.

"Nayajua," alisema. "Nimeyajua miaka yote. Yalikuja kwa namba ya ndugu yangu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilisimama, nikakaa tena.

"Alikuwa anakuulizia," nilisema. "Kila akija kutibiwa. Aliniuliza mimi, mimi mwenyewe! Nimemkosea nini Fundi? Twende, Fundi. Lori linapanda kesho asubuhi, twende wote mpaka Laela."

Akatikisa kichwa. "Amekufa, dada. Kabla ya mvua za juzi. Walinitumia habari ya msiba. Nilikuwa nimekaa hapa hapa. Sikwenda."

Kuku walikuja wakadonoa karibu na skrubu zake, hakuwafukuza. Nilimwomba msamaha, nikapiga magoti kabisa kwenye vumbi, naye akaniinua kwa viwiko akisema, "Mimi nimeshakusamehe, mama, inuka," na ilikuwa mara ya kwanza kuniita mama. Lakini uso wake haukuwa kwangu. Alikuwa anarudia kwa sauti ndogo, "Nilivuka barabara. Nilimwona dereva wake, nikavuka barabara."

Lori lilipokuwa linapakia kesho yake alikuja kuniaga, amevaa shati safi. Nikadhani anapanda. Hakupanda.

"Nitakwenda kumwona nani?" alisema. "Ila wewe ukifika juu, nenda Laela. Yupo mkewe. Mwambie Fundi anamsalimia na anampa pole. Usimweleze zaidi, asije akakuchukia bure."

Nilikwenda wiki ile ile, kwa basi la asubuhi. Ghala lilikuwa limefungwa, kibanda cha mabati kimeng'olewa zimebaki nguzo. Mjane alikuwa uani anapepeta ulezi. Nikamwamkia, nikampa pole, nikamwambia nimetumwa na Fundi wa madishi, anamsalimia sana.

Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Fundi yu hai?" akauliza. "Mume wangu alikufa anamtaja. Mbona hakuja mwenyewe?"

Nilikuwa na jibu tayari, nimelitunga tangu kwenye basi, kwamba amezeeka na bonde liko mbali. Nikamtazama yule mama. Nikavuta kigoda, nikakaa, nikaanza kumweleza.